Oili Nzito Si Dawa ya Uzee wa Injini

Mwenye gari la zamani la bei nafuu hakosi washauri. Akifungua boneti tu, huyu atamwambia atie oili nzito, yule atamwonya asithubutu kugusa oili ya sintetiki (inayoundwa kwa njia za kikemia), na wa tatu atamhakikishia kwamba hana haja ya kumwaga oili, aongeze tu inapopungua. Mengi ya mashauri hayo yalikuwa na ukweli ndani yake wakati fulani, na ndiyo maana hayafi, lakini ukiyapima kwa jinsi injini inavyofanya kazi, machache ndiyo yanayosimama.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba gari likizeeka lazima lipandishiwe uzito wa oili, kwa kuwa vyuma vimelika na nafasi kati yake zimepanuka. Kabla ya kuijibu, tusome kopo. Katika maandishi kama 5W-30, wengi hudhani herufi W ni ya uzito, kumbe inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake hueleza oili inavyojimudu kwenye baridi, na ile ya mwisho hueleza mnato wake, yaani inavyokuwa nzito kutiririka, injini ikiwa na moto. Kwa viwango vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya daraja la 30 huwa na mnato wa sentistoki (kipimo cha mnato) 9.3 hadi chini ya 12.5 katika joto la nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali ya daraja la 50 huanzia 16.3 na kukaribia 21.9. Kwa hiyo anayetoka 30 na kurukia 50 huenda akawa anaiambia pampu isukume kitu chenye mnato maradufu ya kile ilichoundiwa.

Madhara yake huonekana asubuhi. Gari likilala, sehemu kubwa ya oili huteremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, na injini ikiwashwa ni lazima oili hiyo ipande upesi mpaka kwenye kamshafti, mhimili unaofungua vali, yaani milango ya hewa na moshi. Ikiwa nzito kupita kiasi, taa nyekundu ya oili huchelewa kuzimika, na katika sekunde hizo chache vyuma vinasuguana vikiwa na utando mwembamba tu wa oili. Tena, magari mengi tunayoyaita ya zamani leo yana mfumo wa kubadilisha muda wa vali unaoendeshwa kwa shinikizo la oili kupitia vijitundu vyembamba, na mfumo huo haupendi oili nzito wala tope. Ni kweli kwamba oili nzito hupandisha mshale wa geji, lakini shinikizo kubwa si sawa na oili nyingi kufika inakohitajika.

Hata hivyo, sisemi kwamba daraja moja tu ndilo halali. Vitabu vingi vya mwongozo vina jedwali linaloonyesha madaraja kadhaa kulingana na joto la hewa, na gari linalokula oili kidogo linaweza kupandishwa hatua moja, kwa mfano kutoka 30 hadi 40, mradi jedwali hilo linaruhusu.

Kuhusu sintetiki, inadaiwa kuwa huvujisha injini kuukuu. Baadhi ya oili za mwanzo za aina hiyo kweli zilisumbua sili, yaani mipira inayozuia oili kuvuja, lakini za sasa zimetengenezwa zisizidhuru. Kinachotokea mara nyingine ni kwamba sili ilikuwa imeshakauka na kupasuka, na tope ndilo lililokuwa limeiziba. Oili yenye uwezo mzuri wa kusafisha ikiliondoa, uvujaji wa siku nyingi unajitokeza. Kwa mwenye mfuko mwembamba, ningechagua oili ya kawaida yenye viwango vinavyotakiwa na kuimwaga kwa wakati, pamoja na kubadilisha filta, kuliko kununua sintetiki ya ghali na kuiacha humo hadi igeuke lami.

Kuna pia wanaoamini kwamba gari kuukuu linafaa oili ya kiwango cha kale. Hapa hatari ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani, kwa injini za petroli huanza na S, na herufi ya pili hupanda kadiri kiwango kinavyokuwa kipya: SL ilikuja mwaka 2001, SN mwaka 2010, SP mwaka 2020. Kwa kawaida kiwango kipya hufaa gari lililotaka cha nyuma yake, isipokuwa baadhi ya injini za muundo wa kale ambazo kamshafti yake husugua tapeti bapa (vipande vinavyosukuma vali) na huhitaji zinki na fosforasi zaidi. Kinyume chake hakifai. Kopo la bei ya chini lililoandikwa SF halifai injini nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988, na SA, ambayo haina viungo vya kinga, haifai nyingi zilizotengenezwa baada ya 1930.

Oili kuwa nyeusi si dalili kwamba imekufa. Mara nyingi ni ishara kwamba imebeba masizi badala ya kuyaacha yagande kwenye vyuma. Rangi ya kutia hofu ni ile ya maziwa, kwa sababu huashiria maji yameingia.

Linabaki suala la kuongeza bila kumwaga. Oili mpya ikichanganywa na chafu haiondoi uchafu wala haifufui viungo vilivyokwisha nguvu. Gari likila oili, tazama moshi wa bluu: ukitoka wakati wa kuwasha baada ya gari kulala, shuku sili za vali, ukitoka unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Hakuna kopo linalorudisha chuma kilicholika. Wakati wa kuongeza, egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika chache, futa kijiti cha kupimia, kichovye tena, kisha usome. Oili ikae kati ya alama mbili, isivuke ya juu, kwani krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ikiifikia huichapa hadi ifanye povu, na pampu ikivuta povu, beringi, vikalio vya mihimili inayozunguka, ndizo zinazoumia kwanza.