Sheria ya Makaratasi ya Arizona Haikufutwa na Wanamuziki

Juzi mama mmoja wa Kikongo, mkazi wa hapa Phoenix, aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, ile sheria ya makaratasi, si wanamuziki walishaimaliza?" Kadi yake ya ukaazi ameifunga katika mfuko wa nailoni na kuilaza chini ya godoro. Nimeyasikia maneno hayo kwa watu wengi mno ninaowasaidia kujaza fomu za uhamiaji, na kila mara hunitia hofu.

Sheria hiyo, SB 1070, ni sheria ya jimbo la Arizona dhidi ya wahamiaji wasio na hati, nayo ilitiwa saini na Gavana Jan Brewer tarehe 23 Aprili 2010. Mwezi uliofuata Zack de la Rocha, mwimbaji wa bendi ya Rage Against the Machine, alitangaza kampeni ya The Sound Strike, ambamo wasanii kama Kanye West, Sonic Youth na Los Tigres del Norte waliahidi kutotumbuiza Arizona. Lakini aliyevizuia vifungu vyake vikali, siku moja kabla havijaanza kutumika, ni Jaji Susan Bolton wa mahakama ya shirikisho, katika kesi iliyofunguliwa na serikali ya shirikisho. Na tarehe 25 Juni 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilivibatilisha vifungu vitatu kwa hoja kwamba mambo ya uhamiaji ni mamlaka ya shirikisho. Kifungu cha 2(B), kinachomtaka polisi aliyemsimamisha mtu kihalali achunguze hali yake ya uhamiaji akiwa na shaka ya msingi, mahakama hiyo ilikiacha.

Linaloniudhi zaidi ni hili: miongoni mwa vilivyobatilishwa kilikuwamo cha 3, kilichofanya kutembea bila hati kuwa kosa la jimbo, na watu wakaelewa kwamba hati zinaweza kukaa nyumbani. Kilibatilishwa kwa sababu tayari shirikisho lina sheria yake, ambayo hadi leo inamtaka kila asiye raia mwenye umri wa miaka 18 na zaidi awe na hati yake ya usajili wakati wote. Kwa hiyo nasema, na nitaendelea kusema: nakala ibaki nyumbani, kadi yenyewe itembee nawe. Mwenye leseni halali ya udereva ya Arizona naye asiiache, kwani chini ya 2(B) anayeionyesha huchukuliwa kuwa yupo nchini kihalali.

Sisemi kwamba kususia hakukuzaa kitu. Machi 2011 viongozi 60 wa makampuni waliliandikia Baraza la Seneti la jimbo, wakitaja hasara iliyotokana na miito ya kuisusia Arizona, na siku chache baadaye maseneta wakaikataa miswada mitano mingine ya uhamiaji. Huo ndio mchango wake wa kweli, nao si mdogo.

Wapo wanaodai kwamba wasanii wote walisusia. Sivyo. Elton John aliimba Tucson Julai 2010 na kuwalaumu waziwazi waliosusia, na siku chache baadaye Lady Gaga alipanda jukwaani Phoenix na kuipinga sheria hiyo hapohapo.

Wengine husema wasusiaji waliwatupa wahamiaji, ilhali onyesho la Rage Against the Machine mjini Los Angeles tarehe 23 Julai 2010 lilichangisha dola 300,000 kwa ajili ya makundi ya Arizona yaliyokuwa yakipambana na sheria hiyo. Lawama yenye uzito, kwa maoni yangu, ni ile ya kumbi ndogo za muziki, ambazo zilikosa maonyesho ingawa wamiliki wake waliipinga sheria hiyo tangu mwanzo.

Wala Arizona haikususiwa mara ya kwanza mwaka 2010. Gavana Evan Mecham alipoifuta sikukuu ya Martin Luther King mwaka 1987, Stevie Wonder alikataa kutumbuiza katika jimbo hilo, na baadaye Super Bowl ya 1993, yaani fainali ya mpira wa Kimarekani, ikahamishiwa Pasadena, California. Sikukuu ilirudi Novemba 1992, nayo ilirudishwa na kura za wananchi wenyewe.