Lenzi pana sana: "inaingiza kila kitu" na maneno mengine ya vijiweni

Mtu akinunua lenzi ya kamera ya milimita 14 au 16 (namba ikiwa ndogo, lenzi inaona eneo pana zaidi) hapa Dodoma, sababu huwa ni moja: iingize kila kitu. Dhana hii imeharibu picha nyingi kuliko nyingine zote. Simama barabarani uielekeze Mlima Simba. Utapata lami ya kutosha, anga tele, na mlima umebaki kama kokoto. Lenzi hizi hukipa ukubwa kilicho karibu na kukidogosha kilicho mbali, kwa hiyo dawa ni kusogea. Sogea hasa. Kwenye shamba la zabibu piga magoti chini ya nyaya, lenzi iwe sentimita 25 tu kutoka kwenye kichala. Vumbi linaonekana juu ya punje, na safu za nguzo zinakimbilia nukta moja huko mwisho. Rudi nyuma hatua mbili, picha imekufa.

"Inaharibu sura." Kinachoharibu ni umbali. Mpige mtu aliye mita tatu kwa milimita 16, kisha kwa 50 bila kuhama, halafu kata picha ya kwanza ubakize sehemu ya katikati tu: pua ni ileile. Pua hukua pale unapomsogelea. Kingo za fremu ni kesi nyingine, maana huko lenzi hutanua vitu kweli. Siku ya sendofu usimpange shangazi mwisho wa mstari. Atatoka mnene, na lawama utazibeba wewe.

"Inapinda majengo." Hiyo ni lenzi ya jicho la samaki, ile inayopinda mistari kwa makusudi. Lenzi pana ya kawaida huiacha mistari iliyonyooka ibaki hivyo. Mnara wa Msikiti wa Gaddafi ukionekana kulala kinyumenyume, ujue umeinua kamera. Isawazishe, kisha kata sakafu iliyozidi.

"Fokasi haina shida." Karibu kweli. Kwa kamera ya sensa kubwa (full frame), milimita 16 na tundu la lenzi likiwa f/8, ukilenga mita moja na kidogo, vitu vya kuanzia nusu mita hivi hadi upeo wa macho havina ukungu. Kile kichala chetu cha sentimita 25 hakimo humo. Ama uchague zabibu au kilima kilicho mbali nyuma yake, ama upige picha kadhaa ukihamisha fokasi, uziunganishe kwenye kompyuta.

Filta ya polaraiza, kioo cha mbele ya lenzi kinachokoleza bluu ya anga, nayo husifiwa mno kwa anga la kiangazi. Bluu hukolea zaidi upande ulio digrii 90 kutoka jua, na lenzi hii humeza zaidi ya digrii 100. Unapata doa jeusi katikati ya anga. Ivue.

"Ni ya mandhari tu." Nenda Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Nafasi ya kurudi nyuma ni finyu, lakini kwa milimita 16 unapata michoro, paa la jiwe na tambarare iliyo chini kwa pamoja. Usiegemee ukuta unapotafuta pembe.