Bentonville: mji wa duka, picha na baiskeli, na yale tunayoyakosea

Kama uliwahi kununua jiko au friji pale Game, Mlimani City, sehemu ya hela yako ilikuwa na mwenyewe mbali sana. Game ilikuwa ya Massmart ya Afrika Kusini, na mwaka 2011 Walmart, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, ilichukua hisa nyingi za Massmart. Game ya Dar es Salaam ilishafungwa, ya Nairobi na Kampala nazo vilevile. Makao makuu ya Walmart yako palepale yalipokuwa: Bentonville, kaskazini-magharibi ya jimbo la Arkansas, mji wa watu 54,164 kwa sensa ya 2020. Kuna kata za Dar zina watu zaidi ya hao.

Nilikaa huko siku nne kwa ndugu yangu. Kabla sijaondoka kila mtu alikuwa na la kunieleza kuhusu mji ambao hakuna aliyekuwa ameukanyaga.

"Huko kuna ofisi za Walmart tu, na ndiko ilikoanzia."

Ofisi zipo, tena nyingi. Makao mapya yaliyofunguliwa rasmi Januari 2025 yamekaa kwenye ekari kama 350. Ila duka la kwanza lenye jina la Walmart lilifunguliwa Rogers, mji wa jirani, mwaka 1962. Bentonville ilikuwa na kaduka ka Sam Walton, mwanzilishi wa Walmart, kwenye uwanja wa katikati ya mji, alikokafungua mwaka 1950 akiuza vitu vidogovidogo vya bei poa. Leo ni makumbusho, na jina la zamani bado liko juu ya mlango. Humo utaiona pikapu yake, Ford ya 1979, aliyokuwa akibebea mbwa wake wa kuwindia wakati tayari ni bilionea. Mwendo wa nusu saa unatosha kwa makumbusho haya. Baada ya hapo shika njia ya miguu inayoshuka msituni.

"Sanaa ya maana iko New York. Huko shamba utaona nini?"

Hili niliambiwa na mtu aliyesoma, na ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Bondeni kuna chemchemi iitwayo Crystal Spring. Maji yake yamezuiwa yakawa madimbwi mawili, na juu ya madimbwi hayo msanifu Moshe Safdie akajenga majengo yenye mapaa ya shaba, mengine yakikatiza maji kama daraja. Ndiyo Crystal Bridges, makumbusho ya sanaa ya Marekani yaliyoanzishwa na Alice Walton, binti wa Sam, na kufunguliwa tarehe 11 Novemba 2011.

Hao wa New York wenyewe wanaijua vizuri, maana iliwauma. Mwaka 2005 maktaba yao kuu iliuza mchoro wa Asher Durand wa 1849, watu wawili wamesimama juu ya jabali wakitazama korongo, mchoro waliouhesabu kuwa wao. Mnunuzi alikuwa Alice Walton, na bei iliyotajwa ilikuwa kama dola milioni 35. Sasa ukitaka kuuona, panda ndege uje Arkansas.

Nje kuna buibui wa shaba wa Louise Bourgeois, kimo chake zaidi ya mita tisa. Usimpige picha kwa mbali ukaondoka. Simama katikati ya miguu yake, uangalie juu: tumboni ana kikapu cha waya, ndani mna mayai ya marumaru meupe. Nilidhani nitaogopa, badala yake nikawa natazama mama aliyebeba, na jina la sanamu ni hilohilo kwa Kifaransa, Maman.

Mbele kidogo, chini ya miti, kuna nyumba iliyochorwa na msanifu Frank Lloyd Wright, iliyojengwa New Jersey miaka ya 1950. Mafuriko ya mto yalikuwa yanaimaliza, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikapakiwa kwenye malori na kusimamishwa upya hapa. Imefunguliwa kwa wageni tangu 2015.

"Ya tajiri hiyo, watakuchuna mlangoni."

Kiingilio ni bure, gharama imebebwa na Walmart. Baadhi ya maonyesho maalumu ndiyo hulipiwa. Kinachowaumiza wageni si hela, ni Jumanne: siku hiyo wanafunga.

"Baiskeli ni ya asiye na gari."

Kwetu ni ya muuza maziwa, muuza mkaa, fundi wa kunoa visu. Bentonville nilikuta kinyume: gari ndilo limebeba baiskeli mgongoni, na bei ya baiskeli moja ya milimani ingenunua bodaboda mbili na chenji. Mji unajiita mji mkuu wa dunia wa baiskeli za milimani. Jina wamejipa wenyewe, lakini kazi imefanyika. Vijia vya mwanzo, vya Slaughter Pen, vilichongwa miaka ya 2000. Jina hilo maana yake ni zizi la machinjioni, lisikutishe. Wajukuu wa Sam, Tom na Steuart Walton, wamesukuma sana jambo hili, na vijia vingine kama vya Coler vimefuata. Kuna hata jengo la ofisi la ghorofa sita, Ledger, ambalo unapanda hadi juu ukiwa juu ya baiskeli yako.

Vijia vina rangi: kijani kwa wanaojifunza, buluu kwa waliozoea, nyeusi kwa wenye roho ngumu. Nilikodi baiskeli nikashika kijani. Kona zake zimeinuliwa ukingo upande wa nje, ukiingia kwa mwendo baiskeli inazunguka yenyewe. Ukiogopa ukashika breki, kama nilivyofanya, unateleza hadi chini. Nikiwa bado najipangusa udongo, kitoto cha kama miaka sita kilinipita kikiimba.

"Utakuwa mgeni peke yako, ukodolewe macho."

Kampuni zinazoiuzia Walmart zimeweka ofisi hapa, kwa hiyo mjini hukosi Mhindi, Mchina wala Mmeksiko. Ndiyo sababu pia mji mdogo hivi una uwanja wa ndege wenye safari za moja kwa moja hadi Chicago na Dallas. Springdale, kusini kidogo, ina moja ya jamii kubwa kabisa za Wamarshall, watu wa visiwa vya Marshall vya Bahari ya Pasifiki, ndani ya Marekani bara. Mimi nilikodolewa macho mara moja tu, pale kwenye kona.

"Mji wa baiskeli, basi gari la nini?"

Hapa ndipo nilipojidanganya mwenyewe. Ipo njia ya lami ya baiskeli, Razorback Greenway, takriban kilomita 60 kutoka Bella Vista hadi Fayetteville, nikajua nimemaliza. Lakini uwanja wa ndege uko nje ya mji, maduka ya chakula yametawanyika, na mabasi ni ya kusubiri. Siku ya pili nilimwomba ndugu yangu anielekeze kituo cha daladala. Akacheka, akafungua mlango wa gari, akaniambia nifunge mkanda.