Wamarekani na langalanga: tunachanganya mambo mawili

Kila Formula 1 inapotua Miami au Austin, sentensi ileile hurudi redioni na vijiweni: "Wamarekani hawapendi langalanga." Mtangazaji akishaisema, mwenzake anadakia kwamba wale wamezoea magari ya kuzunguka duara tu, na mjadala unafungwa hapo. Nimeisikia mara nyingi kupita kiasi. Ndani yake kuna madai mawili tofauti: moja, kuhusu Formula 1, lina ukweli kiasi; jingine, kuhusu langalanga nzima, si kweli hata kidogo.

Maana kwanza, kwa haraka. Gari la langalanga ni gari la mbio lenye kiti kimoja ambalo magurudumu yote manne yako nje ya bodi. Halina madigadi wala milango. Gari la NASCAR, linalopendwa sana Marekani, lina bodi iliyofunika matairi na sura inayofanana na gari la barabarani. Tofauti hiyo inabadilisha mchezo mzima. Magari mawili ya NASCAR yakigongana ubavu, bati linabonyea na safari inaendelea. Kusukumana ni sehemu ya kazi. Kwenye langalanga, tairi la mbele la gari linalofuata likigusa tairi la nyuma la gari lililotangulia, lile linalofuata linaparamia na gari zima linaweza kurushwa hewani. Dereva wa langalanga hapiti kwa kumsukuma mwenzake. Lazima atafute nafasi.

Sasa, Formula 1 ni shindano moja tu katika ukoo huo. IndyCar ya Marekani nayo ni langalanga. Na kuna magari ya sprinti, ambayo huku kwetu hayatajwi kabisa: magurudumu nje, bawa kubwa la bati juu ya kichwa cha dereva, injini ya V8 yenye nguvu farasi zinazokaribia 900, na kona zote yanazikata kwa kuserereka ubavu kwenye udongo. Kila Agosti maelfu ya watu humiminika Knoxville, mji mdogo wa jimbo la Iowa, kwa ajili ya magari hayo tu. Shabiki anayerudi nyumbani usiku wa Jumamosi akiwa na vumbi la uwanja kwenye nywele ametoka kutazama langalanga. Huyo ndiye tunayemwambia kwamba haipendi.

Hapo ndipo ninapokereka, kwa sababu langalanga ndiyo iliyokuwa mbio kubwa ya Wamarekani kabla NASCAR haijazaliwa. Uwanja wa Indianapolis ulifunguliwa mwaka 1909. Sakafu yake ya kwanza ilichimbika vibaya, wakaitandika upya kwa matofali zaidi ya milioni 3. Indy 500 ya kwanza ilikimbiwa Mei 1911, mizunguko 200, kilomita zipatazo 805, na mshindi alikuwa Ray Harroun. NASCAR ilianzishwa 1948, miaka 37 baadaye. Kuanzia 1950 hadi 1960 Indy 500 ilihesabiwa hata kwenye ubingwa wa dunia ambao leo tunauita Formula 1, ingawa madereva wa Ulaya walioivukia bahari walikuwa wachache sana. Na Mario Andretti, mhamiaji kutoka Italia, alishinda Daytona 500 ya NASCAR mwaka 1967, Indy 500 mwaka 1969, kisha akawa bingwa wa Formula 1 mwaka 1978. Katika nyumba nyingi za Marekani za wakati huo, jina la dereva wa mbio lilikuwa Andretti au A. J. Foyt, na wote wawili walipatia umaarufu wao kwenye langalanga.

Basi kilitokea nini hadi NASCAR ikaipita? Watu wa langalanga waligombana wenyewe kwa wenyewe, mara mbili, na mara zote mbili NASCAR ilikuwa mlangoni ikisubiri.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa 1979. Wenye timu walichoka kusimamiwa na chama cha USAC, wakaanzisha ligi yao iliyoitwa CART. Februari mwaka huohuo televisheni ya CBS ilionyesha Daytona 500 moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Theluji ilikuwa imewafungia watu wengi ndani upande wa mashariki wa nchi. Kwenye mzunguko wa mwisho Cale Yarborough na Donnie Allison waligongana wakiwa wanaongoza, Richard Petty akapita na kushinda, na kamera zikawaonyesha madereva wakirushiana ngumi kwenye nyasi. Nchi nzima ikaongea. Indy 500 wakati huo ilikuwa inarekodiwa mchana na kurushwa usiku. Ilianza kuonyeshwa moja kwa moja kitaifa mwaka 1986 tu. Miaka saba ni mingi kwa mchezo wowote unaotegemea televisheni.

Hata hivyo CART ilisimama, tena vizuri. Mwaka 1993 Nigel Mansell, bingwa wa Formula 1 wa mwaka uliotangulia, aliiacha Ulaya akaenda kukimbia Marekani na kuchukua ubingwa wa CART. Hebu tulitafakari hilo: bingwa wa dunia anahamia ligi ya nchi ambayo tunaambiwa haina habari na langalanga.

Ugomvi wa pili ndio ulioivunja nyumba. Tony George, ambaye familia yake iliumiliki uwanja wa Indianapolis tangu 1945, aliona CART imekuwa ghali, imejaa madereva wageni na imeanza kuziacha mbio za mviringo. Mwaka 1996 akaanzisha ligi yake, Indy Racing League, na kutenga nafasi 25 kati ya 33 za Indy 500 kwa waliokimbia kwenye ligi hiyo. Timu za CART zikasusa, zikaandaa mbio zao Michigan siku ileile. Upande mmoja ukawa na uwanja bila majina makubwa, mwingine ukawa na majina bila uwanja. Mzazi aliyekuwa akimpeleka mwanawe Indianapolis kila Mei alikuta orodha ya madereva wengi asiowajua. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kunguru alikuwa ameshaingia ndani. Mwaka 1994 NASCAR ilikimbia Indianapolis kwa mara ya kwanza, na aliyeshinda alikuwa Jeff Gordon, kijana aliyekulia Indiana kwenye magari ya sprinti. Zamani kijana wa aina hiyo angepanda hadi Indy 500. Yeye akaenda kulikokuwa na kiti. Tony Stewart, mzaliwa wa Indiana na bingwa wa ligi mpya ya Tony George, naye akahamia NASCAR akawa bingwa mara tatu. Ligi iliyoundwa ili kuwapa vijana wa Kimarekani nafasi iliishia kuwapoteza. Hata ile picha ya mshindi wa Indy 500 aliyepiga magoti kuubusu mstari wa matofali ya zamani ulioachwa pale kwenye utepe si desturi ya langalanga kwa asili. Aliyeianza ni dereva wa NASCAR, Dale Jarrett, mwaka huohuo wa 1996. Binafsi hilo huniumiza kuliko takwimu yoyote.

CART ilifilisika, ikabadili jina, na mwaka 2008 mabaki yake yakaungana na ligi ya Indianapolis. Miaka 12 ya mfarakano. Mtoto aliyezaliwa ulipoanza alikuwa ameshachagua timu yake ya NASCAR ulipokwisha.

Formula 1 ni kesi nyingine kabisa, na ndipo ulipo ule ukweli kiasi niliousema. Marekani haikuikataa, Formula 1 haikutulia. Ilikaa Watkins Glen hadi 1980, ikapita Long Beach, maegesho ya hoteli ya Caesars Palace kule Las Vegas, Detroit, Dallas ambako mwaka 1984 joto la Julai lilibandua lami, kisha Phoenix hadi 1991. Long Beach waliona gharama yake ni kubwa, wakachukua CART mwaka 1984, na mbio za langalanga zimeendelea katika mitaa ileile hadi leo. Mji haukuchoka na langalanga. Ulichoka na bili.

Iliporudi mwaka 2000 ikaingia Indianapolis kwenyewe, na watu wakaja. Kisha Juni 2005 matairi ya Michelin yakaonekana hayawezi kuhimili kona moja yenye mwinamo. Baada ya mzunguko wa kupasha, magari 14 yaliingia gereji na mbio zikaanza na magari sita. Watu waliosafiri na kulipa walizomea, wengine wakatupa chupa uwanjani. Ni shabiki gani wa nchi yoyote angevumilia hilo? Ongeza kwamba mbio nyingi za Ulaya huwakuta Wamarekani Jumapili asubuhi, na kwamba tangu Andretti aliposhinda Uholanzi mwaka 1978 hakuna Mmarekani mwingine aliyeshinda hata mbio moja ya Formula 1. Ni vigumu kuupenda mchezo unaochezwa ukiwa kanisani, bila mtu wa kwenu mbele.

Kampuni ya Kimarekani ya Liberty Media ilipoinunua Formula 1 mwaka 2017, na Netflix ilipoanza kuwaonyesha madereva kama binadamu mwaka 2019, mambo yaligeuka upesi. Leo Marekani ina mbio tatu kwa msimu: Austin, Miami na Las Vegas. Austin imewahi kutangaza watu zaidi ya 400,000 kwa siku tatu.

Kwa hiyo mtangazaji wetu akiirudia ile sentensi, hatuna haja ya kumzomea. Tumwambie tu aseme "Formula 1 ilichelewa kushika Marekani," hapo atakuwa sawa. Na mwishoni mwa Mei, Indy 500 huanza karibu na saa mbili kasorobo usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Akipata nafasi, aitazame, hasa kamera zinapopita majukwaani.