Harakati za Saa Kumi za Kazi nchini Marekani: Maana na Chimbuko Lake

Saa kumi inayozungumziwa hapa si ile ya alasiri. Katika historia ya Marekani, harakati za saa kumi ni madai yaliyoendeshwa na wafanyakazi, hasa kati ya mwaka 1825 na 1860, kwamba siku ya kazi isizidi muda wa saa 10.

Uzito wa dai hilo hauonekani mpaka tuitazame desturi iliyokuwa ikipingwa. Maseremala na waashi walifanya kazi tangu mawio hadi machweo. Kwetu tunaoishi karibu na ikweta, maneno hayo yangemaanisha takriban saa 12 mwaka mzima. Lakini mjini Philadelphia jua la mwezi Juni hukaa angani karibu saa 15, na huo ndio msimu wa kujenga. Maseremala wa mji huo waligoma mwaka 1827 wakidai saa 10. Mgomo haukuwapa walichotaka, ila ulizaa muungano wa vyama vya mafundi wa fani mbalimbali, na mwaka 1828 kikaundwa chama cha siasa cha wafanyakazi. Ushindi ulikuja mwaka 1835, mafundi na wapakuzi wa makaa ya mawe walipogoma kwa pamoja. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aliamuru kwamba kazi za ujenzi za serikali kuu zifanywe kwa saa 10.

Viwandani mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa huko kilichotawala ni kengele, wala si jua. Katika viwanda vya nguo vya Lowell, jimboni Massachusetts, wafanyakazi wengi walikuwa wasichana waliotoka mashambani na kuishi katika mabweni ya kampuni. Walifanya kazi kati ya saa 12 na 13 kwa siku, siku 6 kwa juma. Migomo yao ya mwaka 1834 na 1836 ilihusu ujira na gharama za bweni. Suala la muda lilishika nafasi ya mbele katika miaka ya 1840, walipounda chama chao cha mageuzi ya kazi chini ya uongozi wa Sarah Bagley.

Hoja yao, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha dhana nzima. Hawakulalamikia uchovu na maradhi peke yake. Walisema pia kwamba mtu asiyebakiwa na muda wa kusoma, kusikiliza mihadhara na kutafakari mambo ya nchi yake hawezi kuhesabiwa kuwa raia huru, hata kama sheria inamwita hivyo. Kwa hiyo waliudai muda kama haki ya uraia, ilhali wao wenyewe hawakuwa hata na haki ya kupiga kura.

Mwaka 1845 waliwasilisha kwa bunge la jimbo maombi yenye saini zaidi ya 2,000, na Bagley akatoa ushahidi mbele ya kamati iliyoongozwa na William Schouler, mbunge wa Lowell. Kamati ilikiri kwamba kasoro zipo, lakini ikaona kwamba muda wa kazi ni jambo la makubaliano baina ya mwajiri na mwajiriwa, si la kutungiwa sheria. Wanawake hao wakaendesha kampeni ya kumpinga Schouler, naye akashindwa katika uchaguzi uliofuata.

Fikra hiyo ya makubaliano huru ndiyo iliyoizuia sheria kwa muda mrefu. New Hampshire ilitangulia kupitisha sheria ya saa 10 mwaka 1847, lakini iliruhusu mikataba maalumu ya kufanya kazi zaidi ya saa 10 kwa siku. Waajiri wakaandaa mikataba hiyo kabla sheria haijaanza kutumika, na aliyekataa kutia saini akafukuzwa kazi. Massachusetts ilipitisha yake mwaka 1874, nayo iliwahusu wanawake na watoto tu.