Majibu "safi" ya jeni hayajafunga kesi

Nimeisikia sentensi hii, juu ya mtoto ambaye ugonjwa wake haujapata jina, mpaka masikio yameota sugu: "Vipimo vya jeni vimetoka safi, tatizo ni wazazi hawataki kukubali." Mama akiuliza kama kuna kipimo kingine, kwenye faili anaandikwa msumbufu. Jamani. Mara nyingi huyo msumbufu ndiye aliyeuliza swali la kitaalamu kuliko wote waliokuwemo chumbani.

Maabara haiandiki "safi". Inaandika kwamba halikuonekana badiliko linaloeleza dalili zilizojazwa kwenye fomu, kwa kipimo hiki, kwa ujuzi wa tarehe hii. Masharti matatu hayo. Mpaka majibu yamfikie mzazi, yote yamedondoka njiani.

Chukua eksomu, kipimo ambacho wengi hudhani kinasoma kila kitu. Inasoma vipande vya jeni vinavyotengeneza protini, asilimia 1 hadi 2 ya jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu. Ni pahali pazuri pa kuanzia kwa sababu hitilafu nyingi tunazozifahamu ziko hapo, lakini kwa kawaida zaidi ya nusu ya watoto wanaopimwa hutoka bila jina la ugonjwa.

Na hata ndani ya jeni, kuna hitilafu ambazo eksomu haikuundwa kuziona. Ataksia ya Friedreich, ugonjwa wa neva unaovuruga mwendo, husababishwa na herufi za DNA, GAA, kujirudia mamia ya mara ndani ya introni (sehemu ya jeni isiyotengeneza protini) ya jeni ya FXN, nje kabisa ya vipande vinavyosomwa. Mtoto wa aina hiyo unaweza kumpima eksomu mara tano na ukapata "safi" tano. Fragile X, ugonjwa unaochelewesha akili, ni vivyo hivyo: CGG kujirudia zaidi ya mara 200, kipimo chake ni cha peke yake. Kwa SMA, ugonjwa wa kudhoofika misuli, kikwazo ni cha namna nyingine, kwani jeni za SMN1 na SMN2 zinafanana kama pacha na mashine huchanganya vipande vya hii na ile. Inabidi kuhesabu nakala. Kwa magonjwa ya Prader-Willi na Angelman, herufi zenyewe zinaweza kuwa sawasawa huku alama za kemikali (methili) zilizopachikwa juu yake zikiwa zimekosewa. Unapima alama, husomi herufi.

Kisha kuna swali la tulichotoboa. Tunatoa damu kwa sababu ni rahisi, si kwa sababu ugonjwa umekaa kwenye damu. Katika ugonjwa wa Pallister-Killian, kromosomu ya ziada mara nyingi haionekani kwenye damu, ila inaonekana kwenye seli za ngozi. Mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, zina DNA yake ndogo, herufi 16,569 na jeni 37, ambayo eksomu nyingi haziilengi. Na badiliko la DNA hiyo liitwalo m.3243A>G hupungua kwenye damu kadiri mtu anavyokua, hivyo mkojo hutoa jibu la kuaminika zaidi. Mzazi akikuuliza "kwa nini msipime mkojo?" usicheke.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni ripoti yenye badiliko moja katika jeni ya ugonjwa unaohitaji mabadiliko mawili, moja la baba na moja la mama. Daktari anasoma "moja tu", anafunga faili. Ikiwa dalili za mtoto zinaingia kwenye ugonjwa huo kama ufunguo kwenye kitasa, la pili litafutwe. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto mmoja wa Marekani mwenye ugonjwa wa Batten, unaoharibu ubongo hatua kwa hatua, jeni ya MFSD8. Kipimo cha kawaida kilitoa badiliko moja. Jenomu nzima ilipokuja kusomwa, kikaonekana kipande cha DNA kilichojipenyeza ndani ya introni, mahali ambapo eksomu haifiki. Ili kukabiliana na athari za kipande hicho ikatengenezwa dawa ya mtu mmoja, milasen, akaanza kupewa mwaka 2018. Degedege zilipungua. Ugonjwa haukupona, na alifariki 2021. Natoa mfano huu pamoja na mwisho wake, maana wanaousimulia mtandaoni huishia kwenye dawa.

Sasa la vitendo. Kabla ya kumtoboa mtoto upya, omba data ileile isomwe tena, mwaka 1 hadi 2 baada ya ripoti ya kwanza. Jeni mpya zinahusishwa na magonjwa kila mwezi, na wapo watoto wanaopata jina bila tone jipya la damu. Omba faili ghafi, za FASTQ au BAM, si karatasi ya PDF peke yake, na uziombe mapema kwa sababu maabara hazihifadhi milele. Kama mtoto alipimwa peke yake, sampuli za wazazi wote wawili hubadilisha usomaji: ndipo linapoonekana badiliko alilolianza yeye, ambalo baba na mama hawana.

Fomu nayo. "Kuchelewa kukua" ni maneno mawili yasiyomsaidia mchambuzi lolote. Andika: alikaa akiwa na miezi 7, alisema maneno matano, akaanza kuyapoteza miezi 18, mzingo wa kichwa ulikuwa huu na leo ni huu. Video ya sekunde 60 inashinda maelezo ya kurasa mbili: simu ilale upande, mwili mzima uonekane, usimshike mtoto, taja saa kwa sauti. Saa ni muhimu. Mtoto anayeamka vizuri na kukakamaa jioni ananifanya nifikirie ugonjwa unaotulizwa na dawa ya levodopa; anayezidiwa asubuhi kabla ya kula na kupata nafuu akishiba ananifanya nifikirie upungufu wa GLUT1, protini inayopeleka sukari kwenye ubongo.

Hayo yenye tiba hayasubiri jeni. Upungufu wa kimeng'enya cha biotinidasi, mpe vitamini ya biotini. Degedege za mtoto mchanga zisizosikia dawa, jaribu vitamini B6 hospitalini huku kupumua kukifuatiliwa. GLUT1, pima sukari ya maji ya uti wa mgongo baada ya kukaa bila kula kwa muda wa saa nne, na sukari ya damu itolewe kabla ya sindano ya mgongo, kwa kuwa kilio kinaipandisha na uwiano unaharibika.

Ninapotetereka ni kwenye badiliko lenye maana isiyojulikana. Maabara mbili zinaweza kulipanga badiliko lilelile tofauti, na mimi nikikaa mbele ya wazazi sina cha kushika zaidi ya "huenda". Wengine hulificha. Mimi hulitaja, kisha najiuliza kama nimewapa taarifa au nimewapa usiku wa kukosa usingizi. Jingine ni lini kuacha. Sijawahi kuona kanuni inayoniridhisha. Najua tu kwamba anayekuuzia seli shina kwa malipo ya mbele, bila itifaki (mpango ulioandikwa wa utafiti) wala kamati ya maadili, hafanyi utafiti.

Mtoto akichoka na sindano, zisimamishwe. Faili halichoki, liandikiwe tarehe ya kusomwa tena na jina la atakayelisoma.