Meno ya chinchila: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mbona anakula? Mdomo wake mzima huyo."

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Chinchila, mnyama mdogo wa jamii ya panya anayefugwa nyumbani, ni mnyama wa kuwindwa, na wa kuwindwa hufichaficha maumivu mpaka yamzidi. Kwa hiyo usiangalie kama anakula, angalia anavyokula. Mwenye gego bovu huja mbio kwenye bakuli kama siku zote. Hushika kidonge cha chakula kwa mikono miwili, hukigeuza, hukimega kidogo, kikamponyoka, akachukua kingine. Asubuhi unakuta bakuli lina mabaki yaliyomegwa upande mmoja, na nyasi kavu ziko vilevile. Wewe unasema siku hizi anadeka. Kuacha nyasi na kukimbilia vilaini ni dalili, sawa na punje za kinyesi zinapopungua au kuwa ndogo.

"Meno ya mbele yamenyooka, basi hakuna shida."

Chinchila ana meno 20: manne ya mbele unayoyaona, na magego 16 usiyoyaona. Yote hukua maisha yake yote. Kwao, kwenye milima ya Andes huko Chile, hutafuna majani makavu magumu, taya likienda upande hadi upande, na meno yakisagana huku yakikua. Ukimfuga kwa vidonge vya chakula zaidi kuliko nyasi, anatafuna kidogo na magego hurefuka. Ubaya ni kwamba hayarefuki kuelekea mdomoni peke yake. Mizizi nayo husukuma mfupa: ya juu huelekea kwenye jicho, ya chini huinua vivimbe kwenye ukingo wa taya. Ndiyo maana jicho moja linalotoa machozi kila mara huenda ni jino, wala si vumbi analojigaragazia kusafisha manyoya. Pitisha kidole taratibu chini ya taya, kushoto kisha kulia, ulinganishe.

Hata daktari akimulika mdomo wa mnyama aliye macho, mengi humpita. Uchunguzi wa kuaminika unahitaji dawa ya usingizi na eksirei ya kichwa.

"Meno ya njano ni machafu."

Hapana. Njano au rangi ya chungwa kwenye meno ya mbele ndiyo afya. Yakipauka na kuwa meupe, hapo ndipo pa kuuliza.

"Nimemwekea vijiti na jiwe la kutafuna, yatajisaga."

Hayo husaga meno ya mbele tu. Magego husagwa na nyasi, saa baada ya saa.

"Kidevu kimelowa kwa sababu amekunywa maji."

Maji hukauka. Kidevu kinachobaki kimelowa, manyoya yamegandana, na miguu ya mbele imelowa kwa kujifutafuta: hayo ni mate yanayomwagika kwa sababu ya maumivu. Mara nyingi tatizo lina muda.

"Angekonda ningeona."

Usingeona. Manyoya yake ni mazito mno, tundu moja la ngozi huotesha nywele zaidi ya 50, na mifupa hujificha humo. Mizani ya jikoni haidanganyiki. Mpime kila wiki, saa ileile, uandike gramu. Mkubwa anayeshuka uzito wiki hadi wiki apelekwe kwa daktari hata kama bado anarukaruka.

"Nitayakata mwenyewe, na dawa ninayo."

Kikata kucha hupasua jino mpaka kwenye mzizi, na magego hutayafikia. Ama vidonge vya penisilini vilivyobaki kabatini, huua bakteria wema wa tumboni mwake na vinaweza kumuua yeye pia.

"Hajala tangu jana, tusubiri kidogo."

Usisubiri. Utumbo wake hutegemea chakula kupita bila kukoma. Ukisimama, hali huharibika upesi. Mpigie daktari anayewajua wanyama wa aina hii siku hiyohiyo, umuulize kuhusu kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Akikuruhusu, pitishia pembeni mwa mdomo, kidogokidogo, umpe nafasi ya kumeza. Tumbo likiwa limejaa gesi, usimlazimishe.

"Akishasagwa meno amepona."

Ncha huondolewa, lakini mizizi iliyokwisha kurefuka hairudi. Wengi hurudi kwa daktari tena na tena, na katikati yake wanaishi vizuri. Wengine maumivu hayatulii, na daktari atazungumza nawe kuhusu kumpumzisha, yaani kumuua bila maumivu. Chinchila mwenye tatizo hili usimzalishe, maana udhaifu huu unaweza kurithiwa.